Thamostati inasema 27, vigae ni baridi: uchambuzi wa kisa cha kihisi cha sakafu

Jiko lina sakafu ya vigae, na chini ya vigae umetandazwa mkeka wa kebo ya joto wenye ukubwa wa mita za mraba 6. Thamostati ukutani, kifaa kinachowasha na kuzima joto hilo, inaonyesha digrii 27. Ukivua viatu unapata habari nyingine: vigae ni baridi, na mahali pachache tu unahisi uvuguvugu kidogo. Thamostati yenyewe ni mpya. Ya zamani ilikufa, fundi mmoja akaweka hii ya kampuni tofauti, akaunganisha nyaya zilezile na kuondoka. Tangu hapo sakafu haijapata joto la maana.

Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa hukumu yake.

"Fundi, hiki kifaa kipya ni kibovu. Kirudishwe tu dukani."

"Inawezekana, mzee. Lakini tukipime kwanza."

Akaniambia jambo jingine, kwa kupitia tu, kama mtu anayesimulia tabia ya gari lake la zamani. Ile thamostati iliyokufa walikuwa wakiiweka kwenye 34. "Sakafu yetu ndivyo ilivyo. Ukiweka 27 huhisi kitu." Hii mpya ilikataa kupanda zaidi ya 28.

Nilishikilia hiyo 34. Kiwango cha Ulaya cha sakafu zenye joto, EN 1264, kinataka uso wa sakafu mahali watu wanapokaa usizidi digrii 29. Bafuni huruhusiwa hadi 33, na ukanda mwembamba kando ya kuta za nje hadi 35. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya mifumo ya maji, lakini mguu haujui kama joto limetoka kwenye bomba au kwenye kebo. Jiko lenye sakafu ya digrii 34 za kweli lingewafanya watu wasogee. Hawa walikuwa wanaiona ni ya kawaida kabisa. Maana yake tatizo lilikuwapo miaka yote kabla ya kifaa kipya kufika, na wenye nyumba walikuwa wamelizoea.

Kihisi kinasema nini

Kihisi cha sakafu hakina namba ndani yake. Ni thamista: kipande kidogo cha kauri kilichofungwa kwenye kichwa cha plastiki mwishoni mwa waya mwembamba wa nyaya mbili. Aina inayotumika karibu kila mahali ni NTC, ambayo ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Thamostati haioni joto. Inaona omu, yaani kipimo cha ukinzani, kisha inatazama kwenye jedwali lililomo ndani ya programu yake ili kujua omu hizo ni sawa na digrii ngapi. Ukiipa jedwali la kihisi kingine itatoa jibu la uongo kwa ujasiri uleule inaotolea jibu la kweli.

Kihisi cha kiloomu 10 kinapewa jina hilo kwa sababu hicho ndicho kipimo chake kwenye digrii 25. Kwenye digrii 20 hutoa takribani kiloomu 12.5, kwenye 15 karibu 16, kwenye 10 karibu 20. Sakafu ikifika digrii 30 hushuka hadi karibu 8. Katika eneo hilo kila digrii moja hubadilisha ukinzani kwa asilimia 4 na kitu. Shida ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana juu ya namba moja. Kuna vihisi vya kiloomu 10, vya 12, vya 15, kuna vya 33 na 47, na kwa macho vyote vinafanana: kichwa cheusi au cheupe, waya wa mita tatu, hakuna maandishi.

Kabla ya kufungua chochote huwa najiuliza uongo umeelekea upande gani. Kila kinachoshusha ukinzani hufanya thamostati iamini sakafu ni ya moto kuliko ilivyo, nayo huzima mapema. Katika kundi hili la kwanza mna unyevu ulioingia kwenye kiungo, ganda la waya lililobonyezwa hadi nyaya zikakaribiana, na kihisi cha omu chache kilichosomwa kwa jedwali la kihisi cha omu nyingi. Kila kinachopandisha ukinzani hufanya kinyume: skrubu iliyolegea, kiungo chenye kutu ya kijani, waya uliokatika nusu. Thamostati huamini sakafu ni baridi na kuendelea kupeleka umeme. Kundi hili la pili ndilo la kuogopa, hasa chini ya mbao, kwa sababu kiungo kibovu kinachoongeza kiloomu moja tu kwenye sakafu ya digrii 30 huficha karibu digrii 3. Waya ukikatika kabisa hatari hupungua, kwa kuwa thamostati nyingi za siku hizi huona ukinzani usio na mwisho, huonyesha alama ya hitilafu na kuzima.

Sakafu yetu ilikuwa baridi huku thamostati ikidai joto, kwa hiyo ilikuwa kundi la kwanza. Hilo liliondoa skrubu zilizolegea kwenye orodha. Liliondoa pia dhana ambayo mafundi wengi huipenda, kwamba waya wa kihisi ni mrefu mno. Mita 50 za waya mwembamba wa shaba wa milimita za mraba 0.5, kwenda na kurudi, ni omu 3 au 4. Mbele ya omu 10,000 huwezi hata kuziona.

Kupima sakafu ikiwa imepoa

Niliomba mfumo uzimwe kwenye breka jioni na usiguswe hadi asubuhi. Hatua hii watu huiruka kwa sababu ya haraka, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Kihisi kinaweza kupotosha kwa njia mbili. Moja ni ya umeme: omu si sahihi, au jedwali si lake. Nyingine ni ya mahali: kipimo ni cha kweli, lakini ni cha sehemu isiyowakilisha sakafu. Sakafu iliyopoa usiku kucha ina joto moja kila mahali, karibu na kebo na mbali nayo. Mahali pa kihisi hapana maana tena. Tofauti yoyote itakayobaki kati ya thamostati na kipimajoto chako ni ya umeme peke yake.

Asubuhi nilibandika kipimajoto cha kugusa juu ya kigae, nikakifunika kwa kipande cha sponji ili hewa isikisumbue, nikahamisha sehemu kadhaa. Digrii 19 kila mahali. Nikaishusha thamostati hadi chini kabisa ili isianze kupasha, nikawasha breka na kusoma: 23.

Digrii 4 za uongo, na kebo haijapata umeme hata dakika moja. Hapo mkeka wenyewe hauhusiki.

Nikazima breka tena, nikahakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, ndipo nikafungua. Hili nalisisitiza kwa sababu waya wa kihisi ni mwembamba na unaonekana kama wa kengele, watu wakaudharau. Katika thamostati nyingi za aina hii sakiti ya kihisi haijatenganishwa na umeme mkubwa. Nyaya zake zinaweza kuwa na volti 230 dhidi ya ardhi hata kama kati yao wenyewe kuna volti chache tu. Zishike kama unavyoshika waya wa laini.

Nilichomoa nyaya zote mbili za kihisi. Ukipima zikiwa bado kwenye thamostati unaipima pia thamostati yenyewe, na jibu halina maana. Mita ikasoma kiloomu 13.1. Nikageuza ncha za mita, ikabaki 13.1, tuli. Mahali penye unyevu kwa kawaida namba hutambaa au hubadilika ukigeuza ncha, kwa sababu maji na shaba hutengeneza kibetri kidogo. Isitoshe, waya huu ulikuwa mzima kutoka sakafuni hadi ukutani bila kiungo chochote, kwa hiyo unyevu ulikosa pa kuingilia kwa urahisi.

Kiloomu 13.1 kwa kihisi cha 10 ni digrii 19 kamili. Kwa kihisi cha 12 ni digrii 23. Thamostati mpya ilikuwa imetoka kiwandani ikiwa imewekwa 12. Kihisi kilichokuwa sakafuni ni cha 10, kilichokuja na ile ya zamani. Nikaingia kwenye menyu ya kifaa, sehemu ya aina ya kihisi, nikachagua 10, nikarudisha nyaya. Ikasoma 19.

Kwa kuwa boksi lilikuwa wazi, nilipima pia kebo ya joto. Mkeka wa wati 150 kwa mita ya mraba, mita 6, ni wati 900, na kwa volti 230 ukinzani wake unapaswa kuwa karibu omu 59. Ilikuwa 59. Kipima insulesheni, chombo kinachoonyesha kama umeme unavuja, kwa volti 500, kati ya nyaya za kebo na ganda lake la ardhi, kilitoa namba ya juu mno kuliko megaomu 1 inayohitajika kwa uchache. Kebo nzima, ardhi nzima. Hicho kipima insulesheni, kwa njia, kisiguse kamwe nyaya za kihisi: volti 500 zinaua thamista, na thamostati pia ikiwa imeunganishwa.

Mtu angeweza kufunga boksi hapo, kupandisha kile kikomo cha 28 na kuaga. Kikomo hicho huwekwa kiwandani kwa kufikiria sakafu za mbao, ambazo watengenezaji wengi huzipa mpaka wa digrii 27 au 28. Kwenye vigae hakina kazi kwa kiwango hicho. Ila jedwali la kifaa kipya halielezi kwa nini kifaa cha zamani, kilichokuwa na jedwali sahihi, kilihitaji kuwekwa kwenye 34.

Kupima sakafu ikipata joto

Niliiweka thamostati kwenye 27 na kuiacha ianze. Baada ya dakika chache nilipita na kamera ya joto. Wakati mzuri wa kuangalia ni huo wa mwanzo, kabla joto halijasambaa: mistari ya kebo inaonekana kama imechorwa. Ukisubiri saa moja picha inakuwa ukungu mmoja wa rangi. Nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa kama sentimita 7.5, ya kawaida kwa mkeka wa wati 150. Nikaweka alama kwa kalamu ya vigae, nikabandika kipimajoto cha kugusa katikati ya mistari miwili.

Haikufika nusu saa nikasikia rilei, ile swichi ndani ya thamostati inayowasha na kuzima kebo, imelia. Thamostati: 27. Kigae katikati ya kebo: 20.5.

Kilichofuata kilinisaidia kuliko hizo namba mbili. Mara umeme ulipokatika, namba ya thamostati ilianza kuporomoka, 26, 25, na ndani ya dakika chache 23. Wakati huohuo kipimajoto changu juu ya kigae kiliendelea kupanda, polepole, kwa sababu joto lililokuwa kwenye kebo lilikuwa bado linasafiri kuja. Kihisi kilichokaa katikati ya mistari miwili hufanya kama kipimajoto changu: kebo ikizimwa, hutulia au hupanda kidogo kabla ya kushuka. Kihisi kinachoanguka sekunde zilezile umeme unapokatika kinaifuata kebo yenyewe. Kiko juu yake, chini yake, au kimeigusa.

Mwenendo huo ulieleza pia mlio wa rilei. Kihisi kinapoa haraka, thamostati inawasha, kebo inakipasha haraka, thamostati inazima. Mfumo ulikuwa ukiwaka na kuzima mara nyingi kila saa badala ya kuwaka kwa kipindi kirefu na kupumzika. Rilei za mitambo huchakaa kwa idadi ya mara zinazofungwa na kufunguka, na nina shaka kwamba hiyo ndiyo iliyoiua thamostati ya kwanza. Siwezi kuthibitisha. Ilikuwa imeshatupwa.

Ikabaki kujua kichwa cha kihisi kiko wapi hasa. Njia ninayoipenda haihitaji chombo cha gharama: sakafu ikiwa imepoa na nyaya zimechomolewa kwenye thamostati, unaunganisha mita, unaweka mfuko wa barafu juu ya kigae na kusubiri dakika chache. Kama ukinzani haujasogea, unahamia mbele kwa upana wa kiganja. Barafu ikifika juu ya kichwa, namba inaanza kupanda. Kikaushio cha nywele nacho hufanya kazi, kwa mwelekeo wa pili. Nilifuata mstari kutoka ukutani chini ya thamostati, na namba ikaanza kusogea sentimita chache tu ndani ya eneo lenye joto. Nilipolinganisha na picha ya kamera, alama iliangukia kwenye kona ambapo kebo inageuka na kurudi.

Kwa nini pale ni pabaya

Mkeka wa joto una kebo moja inayokwenda na kurudi kama nyoka, kwa hiyo kila mistari miwili iliyo jirani ina upande mmoja ulio wazi na upande mmoja uliofungwa na kona. Kihisi kinapaswa kuingia kupitia upande ulio wazi, kikae katikati kabisa ya mistari miwili, na kiingie ndani ya eneo lenye joto kama sentimita 30 au zaidi, kadiri karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Wala waya wake usivuke kebo. Huyu aliyeweka alitokea upande wa kona kwa sababu ndio ulikuwa karibu na ukuta wa thamostati. Akavuka kebo, akasukuma kidogo, akaacha. Ungegeuza mkeka au kuzungusha waya mita moja zaidi, kisa hiki kisingekuwapo.

Kuna jambo jingine la mahali ambalo hapa halikuwapo, lakini hudanganya kwa namna ileile: zulia. Ukitandika zulia juu ya kigae chenye kihisi, joto la pale linakosa pa kutokea, kihisi kinapanda, na sehemu yote iliyobaki inakosa umeme. Kabati lisilo na miguu ni baya zaidi. Nikikuta sakafu iliyoanza kuwa baridi ghafla bila mtu kugusa umeme, kwanza nauliza kama fanicha imehamishwa.

Ukweli ni kwamba aliyeweka alifanya nusu ya jambo jema: kihisi kilikuwa ndani ya paipu ya plastiki, si kimezikwa moja kwa moja kwenye gundi. Paipu huwekwa ili kihisi kikifa uweze kukivuta na kuingiza kingine bila kuvunja kigae. Nikajaribu kuvuta, kwa matumaini kwamba kukirudisha nyuma kidogo tu kungekiondoa kwenye kona. Hakikusogea. Mdomo wa paipu upande wa sakafu haukuzibwa, gundi ya vigae ikaingia na kukigandisha. Kizibo cha plastiki au mizunguko michache ya utepe ingetosha. Sikuendelea kulazimisha, kwa sababu waya ule ukikatika ndani ya ukuta unapoteza hata kamba ya kuvutia waya mpya.

Njia nne, na ile tuliyochagua

Mwenye nyumba alikuwa amesoma kijitabu cha thamostati na kuona sehemu ya kurekebisha usomaji. Kwa nini tusitoe digrii 7 tu, yaishe? Swali zuri. Jibu lake liko kwenye vipimo viwili vya mwanzo. Asubuhi, sakafu ikiwa imepoa na jedwali limerekebishwa, tofauti ilikuwa sifuri. Kebo ikiwa inawaka, tofauti ilikuwa 6 na nusu. Kosa la mahali halina thamani moja: linakua kebo ikiwaka, linayeyuka ikizima. Ukitoa 7 daima, sakafu ya digrii 19 itasomeka 12, na ile iliyopoa kidogo tu itaonekana imeganda. Marekebisho ya namna hiyo yanafaa kwa tofauti ndogo isiyobadilika, digrii moja au moja na nusu. Hayahamishi kihisi.

Njia ya pili ni kuacha kihisi cha sakafu na kutumia kile cha hewa kilichomo ndani ya thamostati. Ni jikoni. Jiko likiwashwa kupika, hewa inapanda na sakafu inazimwa saa zile zile watu wamesimama juu yake. Tena ukifanya hivyo hakuna kinacholinda sakafu isizidi kikomo.

Ya tatu ni kuchimba mstari wa grauti kati ya vigae na kulaza kihisi chembamba humo. Nimeona ikifanywa na ikafanya kazi. Hapa mstari ulikuwa wa milimita 2, hautoshi hata kihisi chembamba. Lakini hata ungetosha ningesita. Kijitabu cha thamostati hii kilisema wazi kwamba nyaya za kihisi zichukuliwe kama zenye umeme mkubwa. Kuziweka milimita chache chini ya nyayo, kwenye sakafu inayopigwa deki kila siku, ni jambo ninalolikataa hata kama kuna RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 kwenye laini hiyo, na lazima iwepo.

Ikabaki kung'oa vigae viwili vilivyofuatana kutoka ukutani. Bahati mwenye nyumba alikuwa ameweka akiba ya vigae tangu ujenzi.

Kazi yenyewe

Picha ya kamera ndiyo ilikuwa ramani. Nilihamisha mistari yake juu ya vigae, nikachagua nafasi iliyo wazi jirani na ile ya zamani, na kila pigo la patasi likaanzia katikati ya nafasi kuelekea nje, kamwe si kinyume chake. Breka imezimwa, na mita imeachwa imeshika nyaya za kebo muda wote. Ukikata kebo utaiona namba ikiruka papo hapo, badala ya kujua baada ya kubandika vigae.

Gundi iliyokuwa chini ilitoka vipande vipande. Nilikata paipu ya zamani pale inapotokea ukutani, nikaliacha lile ganda lililoganda libaki sakafuni, na kwa kuwa sasa waya ulikuwa huru upande wa ukuta nikautumia kuvutia waya mpya kupitia paipu ileile. Kisha nikachimba mfereji mwembamba kwenye saruji chini ya gundi ili paipu mpya izame, kichwa cha kihisi kiwe usawa mmoja na kebo na kigae kisiinuke. Pindo la ukuta na sakafu nililipa mviringo mpana. Watu wengi hukunja paipu hapo kwa pembe kali, halafu wanashangaa kihisi kisipopita. Kabla ya kuziba niliingiza na kutoa kihisi mara mbili kuhakikisha kinateleza. Mdomo wa paipu ukazibwa kwa kizibo na kufungwa utepe.

Sikuunganisha waya wa kihisi kwenye njia ya waya wa umeme. Katika ukuta huu paipu zilikuwa mbili tangu mwanzo, moja ya kebo ya joto na moja ya kihisi, na hilo lilikuwa sahihi. Zikiwa pamoja unaweza kupata usomaji unaorukaruka digrii mbili tatu kila rilei inapofunga, na hakuna jedwali litakaloutibu.

Nilipima kihisi kabla ya gundi, baada ya gundi, na baada ya kigae kukaa. Kebo vilevile, omu na insulesheni. Kihisi kipya nacho ni cha kiloomu 10. Kingekuwa cha 12 kisingekuwa kosa, mradi menyu iseme 12. Mfumo ukabaki umezimwa hadi muda ulioandikwa kwenye mfuko wa gundi ulipopita. Gundi inayokaushwa kwa kebo kabla ya wakati hupasuka na kuacha nafasi za hewa, na kebo iliyo ndani ya hewa huungua. Kwa tabaka nene la saruji ya kawaida kungoja huko mara nyingi ni siku 28. Kwa gundi ya vigae ni kufupi zaidi.

Vipimo vya mwisho

Sakafu ikiwa imepoa: kipimajoto 18.5, thamostati 18.5. Ikiwa imewekwa kwenye 27, thamostati ilifika polepole, kwa muda mrefu kuliko ile nusu saa ya mwanzo, na ilipozima namba ilisimama, ikapanda hadi 27.5, ndipo ikaanza kushuka. Juu ya kigae katikati ya kebo ilikuwa 25.5. Hiyo digrii moja na nusu haihitaji kufukuzwa: kihisi kiko chini ya kigae, uso wa kigae unapoteza joto kwa hewa ya chumba, na tofauti ya aina hiyo itakuwapo kwenye sakafu yoyote inayofanya kazi.

Kikomo cha juu nilikiweka 31 kwenye kihisi, hesabu inayoacha uso wa vigae karibu na 29. Mwenye nyumba, baada ya wiki ya kuzungusha juu na chini, alitulia kwenye 26. Ndani ya kifuniko cha boksi nilibandika karatasi: kihisi kiloomu 10, kebo omu 59, na picha ya kamera yenye alama ya mahali kichwa kilipo, kwa ajili ya atakayebadilisha thamostati safari ijayo.